Ubeti Uliotafunwa na Redio

BABA: Haloo, dada? Umeshachoka? Nilikwambia muziki ule si wa—

SPIKA: Baba, ni mimi.

BABA: Mimi nani?

SPIKA: Spika. Shikamoo, Baba.

BABA: Marahaba. Hii si simu ya shangazi yako?

SPIKA: Ndiyo. Yangu imezima. Nimewarekodi Mvua ya Bati tangu wanapanda jukwaani mpaka ikafa mkononi. Nimemwomba ya kwake.

BABA: Akakupa? Dada yangu huyo huyo?

SPIKA: Amenipa mwenyewe, tena bila maswali.

BABA: Basi huko mambo ni makubwa.

SPIKA: Ni makubwa, Baba. Ila salio la shangazi unalijua.

BABA: Hana. Yeye maisha yake ni kubipu.

SPIKA: Muuza maji alikuwa na vocha moja, ndogo kabisa. Nimeikwangua hapa hapa. Kwa hiyo nisikilize. Hawajaupiga.

BABA: Hawajaupiga upi?

SPIKA: Baba, usijifanye.

BABA: "Taa ya Jikoni"?

SPIKA: Bado. Na leo ndiyo wanaaga, baada ya hapa hawapandi jukwaa lolote tena. Nataka uusikie ukipigwa na wao wenyewe, hata kama ni kwa simu. Nimeapa sirudi nyumbani hujausikia.

BABA: Mimi sina shida na hayo, mwanangu. Wewe starehe. Nilikuwa nasoma gazeti tu.

SPIKA: Unasoma gazeti huku Mvua ya Bati wanapiga hapo nyuma yako? Nawasikia.

BABA: Hiyo ni ya jirani.

SPIKA: Jirani ana kaseti siku hizi?

BABA: Amenunua.

SPIKA: Basi azime, tusije tukawasikia mara mbili.

BABA: (mlio wa kitufe) Jirani amezima.

SPIKA: Ahsante kwa jirani. Na koti la ngozi umelivua?

BABA: Nani kakwambia nimevaa koti?

SPIKA: Linalia kila ukijigeuza. Nalijua koti lile.

BABA: Kuna baridi.

SPIKA: Na jua lote hili?

BABA: Jua lipo nje. Mimi nimo ndani, nimenyoosha mguu juu ya stuli. Plasta inavuta baridi, wewe hujui. Hebu niambie, Nyaya yupo?

SPIKA: Yupo. Amekuwa mzee, Baba. Kitambi kimetangulia, sasa gitaa limepata pa kukaa.

BABA: Lakini vidole?

SPIKA: Vidole ni vile vile. Wimbo wa kwanza amepiga lile solo, nikamshika mkono mtu nisiyemjua. Mwanamume mzima, ana mvi, na yeye akanishika. Tumelia wote wawili, halafu tukaachiana kama hatujafanya kitu.

BABA: (kicheko) Ndivyo wanavyokufanya. Na ameruka?

SPIKA: (kicheko)

BABA: Nakuuliza. Pale kwenye wimbo wa pili, anapopanda juu ya lile boksi la muziki, halafu anaruka na gitaa lake. Ameruka?

SPIKA: Amepanda. Wamemletea ngazi.

BABA: Ngazi?

SPIKA: Ngazi fupi, kama ya kubadilishia balbu. Watu wawili wameishikilia. Akapanda, akasimama pale juu, sisi wote pumzi zimekatika. Akatazama chini. Akatazama tena. Halafu akashuka kwa ngazi ile ile.

BABA: Ameshuka kwa ngazi.

SPIKA: Kinyumenyume. Huku anapiga.

BABA: Na mimi nimevunja mguu kwa ajili ya—

SPIKA: Kwa ajili ya nini, Baba? Si uliteleza bafuni?

BABA: Bafuni, ndiyo. Ndicho nilichomwambia daktari.

SPIKA: Na meza ya sebuleni ilihusikaje na bafu?

BABA: Meza gani?

SPIKA: Shangazi amekuta alama za viatu vyako juu ya meza. Na ufagio chini, karibu na ulipoangukia. Ulikuwa umeushika kama gitaa.

BABA: Dada yangu angekuwa polisi huyu. Nilikuwa najaribu tu. Nilitaka siku ya leo, akiruka Nyaya, na mimi hapo chini niruke.

SPIKA: Kumbe ungeshuka naye ngazi.

BABA: Cheka tu. Nilikuwa hewani, mwanangu. Kabla ya kutua nilikuwa hewani, na nilikuwa sawasawa kabisa.

SPIKA: (kicheko) Nakuamini. Kungekuwa na kutua hewani, usingevunjika.

BABA: Na huyo polisi yuko wapi? Namwonea huruma. Nilimpa tiketi yangu ili usiende peke yako, lakini najua makelele yanamuumiza kichwa.

SPIKA: Alikuja na pamba masikioni. Wimbo wa kwanza akatoa ya kulia. Wa pili akatoa ya kushoto. Sasa hivi amesimama juu ya kiti, anamwambia mpiga ngoma aongeze.

BABA: Aongeze? Huyo aliyekuwa ananichomolea redio ukutani?

SPIKA: Mkoba ameufunga kiunoni na mtandio, mikono iwe huru.

BABA: (kicheko kirefu) Nimekosa mengi. Nimekosa mengi sana. Mguu huu nitaukumbuka.

SPIKA: Baba, subiri.

BABA: Nini?

SPIKA: Subiri. Nyaya amebadilisha gitaa. Wamemletea lile jekundu.

BABA: Lile jekundu halipigi kitu kingine. Lile ni la—

SPIKA: Najua ni la nini. Na Mama Radi amevuta kiti. Amekaa, ameshusha maikrofoni.

BABA: Ndio wenyewe. Spika, ndio wenyewe huo. Sogeza simu. Mbona sisikii?

SPIKA: Niko nyuma, karibu na vyoo. Hapa mtandao ni mzuri ila muziki haufiki. Kule mbele muziki ni wa kumwaga, ila simu inakufa.

BABA: Hivi kwa nini mtandao mzuri siku zote unakaa chooni?

SPIKA: Baba, nifanye nini? Wanaanza. Nikae hapa usisikie, au niende mbele nikupoteze?

BABA: Tulia. Unakumbuka ule waya wa antena ya redio ya sebuleni?

SPIKA: Si mimi niliyekuwa naushika? Ulikuwa unanipandisha juu ya stuli.

BABA: Basi leo waya ni wewe. Fanya kama zamani. Nenda mbele taratibu, ongea usinyamaze. Nikisema "hapo", ganda.

SPIKA: Naenda. Samahani, dada. Samahani, kaka, naomba kupita. Nimekukanyaga, mzee, pole sana. Naongea, Baba, sijui niseme nini, nimempita mwenye mwavuli, sasa kuna watu wamebeba kitambaa kikubwa kina picha ya— (mkwaruzo)

BABA: Unakatika. Rudi kidogo.

SPIKA: Nimerudi.

BABA: Kulia sasa.

SPIKA: Kulia kuna mtu na mke wake, wame—

BABA: Hapo.

SPIKA: Hapo? Kati yao?

BABA: Ganda. Kuna chuma karibu?

SPIKA: Kuna uzio.

BABA: Ushike kwa mkono usio na simu. Juu kabisa, uufikie juu.

SPIKA: Nimeushika.

BABA: Bado inakwaruza. Inua mguu.

SPIKA: Mguu wa nini?

BABA: Wa kushoto. Zamani ulikuwa ukiinua wa kushoto redio inatulia.

SPIKA: Baba, hiyo ni sayansi kweli?

BABA: Ni uzoefu. Nimetengeneza redio miaka yote, na hakuna mteja aliyeniuliza kuhusu mguu. Inua.

(Mkwaruzo unakatika. Gitaa linasikika, dogo lakini safi.)

SPIKA: Baba? Umenyamaza. Nimekupoteza?

BABA: Ni wao.

SPIKA: Unasikia?

BABA: Nasikia mpaka kucha zake zinavyogusa nyaya. Usitikisike. Hata kupumua, pumua kwa juu juu.

SPIKA: Kuna tatizo dogo.

BABA: Tatizo gani? Usishushe mguu.

SPIKA: Watu hapa wanafikiri nacheza. Huyu mume ameinua mguu. Mke wake naye ameinua. Safu nzima ya huku wameshika uzio, mguu wa kushoto juu.

BABA: (kicheko)

SPIKA: Wanasema ni mtindo wa zamani wa Mvua ya Bati. Mwenye mwavuli anawafundisha wengine.

BABA: Mwache afundishe. Shhh. Anaingia. Mama Radi anaingia.

SPIKA: "Nimekuachia taa ya jikoni—"

BABA: "—mlango nimeurudisha tu—"

SPIKA: "—ukichelewa usigonge—"

BABA: "—nyumba inakujua mguu." Ah, sauti yake haijazeeka. Sikiliza anavyoishusha hapo mwisho. Sikiliza gitaa sasa, linabaki peke—

SPIKA: "Kumekucha, naisikia njia—"

(Kimya upande wa uwanjani. Halafu vicheko, kama wimbi.)

BABA: Nini? Mbona wamenyamaza? Mtandao?

SPIKA: Si mtandao.

BABA: Ni nini?

SPIKA: Ni mimi, Baba. Gitaa limebaki peke yake, uwanja mzima umetulia, na mimi nikaingia na "Kumekucha". Peke yangu. Kwa sauti yangu hii.

BABA: Ile ile iliyokupa jina.

SPIKA: Watu wote wamegeuka. Na bado nimesimama kwa mguu mmoja.

BABA: (kicheko)

SPIKA: Usicheke. Nyaya ameacha kupiga. Mama Radi ameweka kiganja juu ya macho, anatafuta nani. Ameniona. Baba, Mama Radi ananitazama. Mimi.

BABA: Anasemaje?

SPIKA: Anasema, "Wewe wa mguu mmoja, una haraka ya kwenda wapi?"

BABA: Mjibu.

SPIKA: Nimjibu nini?

BABA: Mwambie ukweli. Kwetu unakwenda hivyo.

SPIKA: (kwa sauti kubwa, mbali na simu) Kwetu unakwenda hivyo, mama. Baba yangu ndivyo alivyotufundisha.

(Vicheko tena, na makofi.)

BABA: Amesemaje? Spika? Amesemaje?

SPIKA: Amesema, "Basi kwenu mna bahati. Sisi huku tuna ubeti hapo katikati." Na amemwambia Nyaya arudie kutoka mwanzo.

BABA: Kwa ajili yako.

SPIKA: Kwa ajili yangu. Na mguu bado uko hewani. Mwenye mwavuli ameniomba tupige picha. Baba?

BABA: Nipo.

SPIKA: Ni kweli kuna ubeti hapo katikati?

BABA: Si nilikwambia redio iliutafuna mkanda?

SPIKA: Uliniambia ilitafuna kipande. Ulinionyesha hata pale ulipounga kwa gundi. Mwaka aliotutoka mama.

BABA: Mwaka ule, ndiyo.

SPIKA: Na wimbo huu haupo popote zaidi ya kwenye kaseti zile walizokuwa wanauza mlangoni mwa maonyesho yao. Kwa hiyo maisha yangu yote nilijua anaacha taa, halafu kunakucha, anarudi. Moja kwa moja. Nilidhani kilichokatika ni gitaa tu.

BABA: Kipande kilikuwa kirefu kidogo.

SPIKA: Ubeti mzima, Baba. Kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, halijabaki hata moja.

BABA: Redio yangu ilikuwa na adabu. Haikuwa inaacha vitu nusu.

SPIKA: (kimya)

BABA: Spika?

SPIKA: Nipo. Sawa, Baba. Ilikuwa na adabu.

BABA: Wamefika wapi?

SPIKA: Wamemaliza wa kwanza tena. Watu wa huku wote wananitazama wahakikishe sitaingia. Yule mume ameweka kidole mdomoni kwake, ninyamaze. Sasa anaingia Mama Radi, sikiliza. (mkwaruzo) "Na kama safari—" (mkwaruzo mkubwa)

BABA: Nimewapoteza. Inua mguu zaidi.

SPIKA: Nikiinua zaidi nitaanguka kama wewe.

BABA: Badilisha. Wa kulia.

SPIKA: Nimebadilisha. Safu nzima imebadilisha. Vipi?

BABA: Wewe nakusikia kama umekaa hapa sebuleni. Wao nasikia kama mafuta kwenye kikaango.

SPIKA: Na mimi siyapati maneno. Wanaimba wote kwa pamoja, nyuma yangu mtu anapiga mluzi, shangazi amekuja ananivuta bega, anataka simu yake arekodi. "Na kama safari" nini? Baba, sisikii, utapita huu—

BABA: "Ikikukataza."

SPIKA: Nini?

BABA: "Na kama safari ikikukataza." Ndivyo unavyoanza.

SPIKA: Unaujua.

BABA: Mama yako ndiye aliyekuwa anaupenda. Zile wiki za mwisho alikuwa anasema nirudishe hapo hapo tu, nirudishe. Alipotutoka sikuweza kuusikia tena. Lakini wasikilize wao. Umekwenda mbali hivyo kuwasikiliza wao, si mimi.

SPIKA: Shangazi, nusu dakika tu, tafadhali. Ni kaka yako. Baba, imba.

BABA: Acha mzaha.

SPIKA: Imba. Nimeziba sikio.

BABA: Sikio lipi?

SPIKA: La upande wa jukwaani.

BABA: Mwanangu, Mvua ya Bati wako mbele ya macho yako. Hawatarudi tena. Unaziba sikio?

SPIKA: Nimeuachia uzio, nimeshusha mguu, nimeziba. Imba, salio linakwisha.

BABA: Umeshusha mguu? Na mbona nakusikia vizuri?

SPIKA: Kumbe mguu haukuwa na kazi. Ya mguu tutaongea nyumbani. Imba.

BABA: (anakohoa) Sauti yenyewe haijatumika.

SPIKA: Baba.

BABA: Haya. "Na kama safari ikikukataza, usirudi kwa ajili ya taa—"

SPIKA: (kimya)

BABA: Upo?

SPIKA: Nipo. Endelea.

BABA: "—mimi nitakaa nikiiangalia—" (kimya) "—nawe huko ulipo, kaa."

(Mkwaruzo. Makofi ya mbali, marefu.)

SPIKA: Ndio huo.

BABA: Ndio huo. Umekwisha.

SPIKA: Umeimba wote.

BABA: Nimeimba wote. (anapenga kamasi) Plasta hii na baridi yake. Wao wamefika wapi?

SPIKA: Gitaa limebaki peke yake. Mama Radi ananitazama tena, Baba. Ananinyooshea kidole. Uwanja mzima umenyamaza, wananingoja mimi.

BABA: Wanakungoja wewe?

SPIKA: Mimi. Shangazi ananisukuma mgongoni. Niingie?

BABA: Subiri. Mwache Nyaya amalize waya wa chini. Moja zaidi. (kimya) Sasa ingia.

SPIKA: "Kumekucha, naisikia njia—"

BABA: "—vikombe viwili me—"

(Mlio wa simu iliyokatika.)

BABA: Haloo? Spika? Haloo, dada? (kimya) Salio. Haya, jirani. Washa.

(Mlio wa kitufe.)